Sindano ya Katoto ka Paka

Asubuhi kaka yangu Yonatani alimpiga mama paka kwa mpini wa jembe mpaka akafa, maana paka huyo alikuwa amemuuma mtoto wa jirani. Sasa alisimama nyuma yangu kwenye foleni ya chanjo ya wanyama pale Base Camp, kambini kwetu, jembe mkononi, manyoya yangali yameganda kwenye mpini.

Daktari wa mifugo kutoka Mbarara akakachoma katoto ka yule paka chanjo ya kichaa cha mbwa, akageukia mbwa aliyefuata. Katoto kakajikunja ndani ya kitenge changu, kakazamisha meno kwenye kidole gumba changu mpaka kwenye mfupa.

"Kamekuuma?" Yonatani akauliza. Jembe lilikuwa limeshapanda juu ya bega lake.

Damu ilikuwa inalowesha kitenge kwa ndani. Nikakunja ngumi.

"Apana, kaka. Kanalia tu, kanaogopa sindano."

"Leta mukono nione."

Nikamnyooshea ule mwingine.