Tawi la Kushoto

Kila mtoto wa Lushoto alikuwa na mti wake, mti mdogo wa Kijapani wa chunguni, wenye majani mekundu yaliyochanua kama viganja. Mti ukielemea upande mmoja, mtoto naye anaelemea, na sheria ilitaka usawa.

Mti wa Mkunde ulielemea kushoto, na tawi hilo la kushoto ndilo lililobeba kipaji chake cha kuimba. Mama yake, Mwanaidi, aliligeuzia ukutani ili lisionekane. Alisahau kwamba tawi hufuata mwanga. Lilijikunja likatokeza dirishani, na mkaguzi wa miti akaliona akiwa barabarani, akaingia ndani.

"Hatukati, mama," alisema akimpa mkasi, maana mkono wa kukata ulipaswa kuwa wa mzazi. "Tunapunguza tu, kama nywele. Na matawi mengine yapate chakula."

"Likipunguzwa, mwanangu atakuwaje?"

"Atakuwa sawa."

Uani Mkunde alikuwa akiosha vyombo huku akiimba wimbo alioutunga mwenyewe, wa kuku wao mwenye maringo. Mwanaidi alilishika tawi. Akabana mkasi. Mkaguzi akapaka dawa kwenye kidonda cha mti, akaaga.

Vyombo viliendelea kugongana. Wimbo ulikuwa umekatika katikati ya ubeti.

"Malizia basi, mwanangu," Mwanaidi aliita.

"Nimalizie nini, mama? Vyombo vimeisha."

Mwanaidi akaanza kuuimba yeye, wimbo wa kuku, akikoseakosea. Mkunde alijifuta mikono, akasimama mlangoni, akamsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni.