Kiti cha Nyuma

Sheria ya Ujerumani, walikoishi, ilikuwa wazi: ndege mpya ikijaribiwa, mwenzi wa ndoa wa aliyeibuni hukaa kiti cha pili. Basi Kihiyo, aliyekuwa akibuni ndege ya kuelea angani yenye injini ndogo, alimpima mkewe, Mwanahawa, uzito kila asubuhi.

"Mama Rehani, chapati moja inatosha. Tumezidi kilo saba."

"Ipunguze hiyo ndege! Mimi nimekonda mpaka pete inadondoka!" Mwanahawa alifoka, akabugia ya tatu makusudi.

Jioni Kihiyo alirudi akipiga mluzi. "Kilo saba zimetoka. Kula, mke wangu!"

Mwanahawa akaukunjua mchoro wa ndege mezani. Kiti cha mbele kilikuwa na parachuti. Cha nyuma, kile chake, parachuti ilikuwa imefutwa, pakachorwa kimto laini.

"Na kimto hiki kina kilo ngapi, baba Rehani?"