Kovu la Mhunzi

"Baba, usinimalizie uhondo! Amewasha tanuru?"

Nilikuwa ukurasa wa mwisho wa manga, hadithi ya katuni ya Kijapani, tuliyoifuatilia tangu binti yangu akiwa mtoto. Yule mhunzi wa kike mwenye kovu la moto mkononi, aliyemfanya binti aje kuchomelea vyuma karakanani kwangu, alichorwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akimsubiri shujaa arudi kutoka vitani. Miaka yote ile, kumbe chai!

Binti akaninyang'anya kitabu. Akautazama mkono ulioshika sinia, laini kama wa mtoto mchanga.

"Hata kovu wamemfuta."

"Mchoraji kaishiwa huyo, mwanangu. Achana naye."

Hakucheka. Alilitazama kovu lake mwenyewe mkononi, la cheche za kuchomelea. Kisha, pamoja na joto lote lile la karakana, akashusha mkono wa shati na kufunga kifungo.