Nitarekebisha Kesho

Watu wa mji walimpokea mbunge Zahari mlangoni mwa zahanati kwa mkate na chumvi, kama ilivyo mila yao. Kabla hajaumega, Bibi Tsvetana alimwonyesha cheti chake cha kuzaliwa. Alizaliwa Februari ishirini na tisa, na kwa miaka tisa kompyuta ilikuwa ikimnyima kadi ya matibabu.

"Aliyeandika programu hii ni mzembe!" Zahari alinguruma, watu wakapiga makofi. "Nitamtafuta mpaka nimpate."

Karani Desislava hakupiga makofi. Alimgeuzia Zahari kompyuta kupitia dirisha la zahanati, akamwonyesha maneno ambayo mwandishi wa programu aliyaacha kando ya mstari mmoja: "Februari 29 bado inakataliwa. Nitarekebisha kesho. Zahari."

Zahari aliyasoma mara mbili. Aliyaandika mwenyewe, miaka tisa iliyopita. Na kesho aliyoitaja ndiyo siku aliyoacha uhandisi wa kompyuta akaingia kwenye siasa.

"Umempata, mwanangu?" bibi aliuliza.

Zahari aliirudisha kompyuta ilivyokuwa. Bibi akamega mkate, akauchovya kwenye chumvi, akamtia mkononi.

"Basi kula kwanza. Utamtafuta ukishashiba."

Makofi yakaanza upya. Zahari alifumba kiganja, na ndani yake chumvi ikaanza kuyeyuka kwa jasho.