Maji ya Agosti Ile

Agosti ya 1986 ilikuwa ya joto kama Agosti zote, na hilo ndilo lililomkata maini Nuraini. Kule maabara ya mjini Kendari alipima unga wa tumbawe mara tatu, akitafuta dalili ya maji baridi. Tumbawe hujijenga tabaka kwa tabaka, mwaka hata mwaka, na madini yake hueleza joto la maji ya wakati ule. Madini haya yalisema maji yalikuwa ya kawaida tu.

Sasa Babu Kabei angeambiwa nini?

Tumbawe lilikuwa chini ya nyumba yake ya nguzo. Pale ndipo alipozamisha kondo la mwanawe, Sadar, siku alipozaliwa, maana kwa Wabajo, watu wa baharini kama yeye, kondo ni pacha wa mtoto, na hukaa baharini kumlinda. Nuraini na watafiti wenzake walipoomba kulitoboa tumbawe hilo, kijiji kizima kilikataa katakata. Kabei peke yake alikubali, kwa sharti wamsomee maji ya Agosti ile ambayo Sadar, wa miaka kumi na minne, alizamia majongoo bahari asirudi.

Nuraini alimkuta kibarazani amemwandalia muhogo na samaki wa kuchoma. Mwenyewe hakugusa kitu.

"Maji yalikuwa yale yale, sivyo?" mzee aliuliza kabla mgeni hajakaa.

Masikini, anaogopa kusikia, Nuraini aliwaza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Amwambie bahari haikuwa na kosa, kwamba mtoto alikufa bure tu? Hapana, jamani. Uongo mmoja wa huruma haumuui mtu.

"Hapana, Babu. Yalikuwa baridi. Baridi mbaya, mwezi mzima. Hata mzamiaji hodari angekakamaa."

"Una hakika, mjukuu wangu?"

"Tumbawe halidanganyi."

Nuraini alishusha pumzi, akaona amemtua mzigo wa miaka na miaka. Akamsogezea sahani ale.

Kabei aliisukuma kando, machozi yakimtiririka.

"Basi Sadar alisema kweli," alisema. "Asubuhi ile alikataa kushuka. Alinililia, 'Baba, maji yamebadilika, yana baridi siiwezi.' Nikamwita mvivu. Nikamsukumia majini kwa kasia."