Gari Lililozoea Kona

Siku hizo magari yalijiendesha yenyewe kwa kuiga mazoea ya anayeyatumia, na kila nyumba iliruhusiwa gari moja tu. Kwa hiyo, ili achague la kubaki nalo, Tusekile aliyapandisha mlimani magari mawili: jipya la kujaribiwa, na kuukuu la mumewe, Ambonisye, aliyezikwa mwezi uliopita.

Jipya lilikwea tope kama mbuzi, na maziwa yake ya kupeleka sokoni hayakumwagika hata tone. Kuukuu liliteleza, likakoroma, likazamisha gurudumu. Lakini kwenye kona ya juu likasimama bila kuambiwa, likashusha kioo cha upande wa Tusekile apunge hewa, maana bonde lililokuwa chini ya kona hiyo lilimtia kizunguzungu tangu alipoolewa.

"Nachukua hili," alimwambia binti yake, machozi yakimlengalenga.

"Sawa, mama," Atupele akajibu kwa upole. "Ila ujue, kadiri utakavyolitumia litashika mazoea yako, na ya baba litayasahau."

Siku ya soko Tusekile alilipangusa gari vumbi, akafunga banda, akajitwika ndoo ya maziwa na kuukwea mlima kwa miguu. Kwenye kona alisimama, akangoja kidogo, ndipo akaendelea.