Bawaba Mpya

Baba alishika kitasa cha gari lake kuukuu, akaunyanyua mlango kwa goti kabla ya kuuvuta, kama alivyozoea miaka yote. Safari hii mlango ulifunguka wenyewe, laini, bila mlio.

Akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Bawaba mpya hizo, mzee," fundi alisema kwa majivuno. "Zile zilizokuja na gari zililika mpaka mlango ukalegea kama sikio la mbuzi."

Mimi ndiye niliyemwambia azibadilishe. Tangu ugonjwa wa kusahau umwanze, baba hanijui nyumbani wala njiani. Ni ndani ya gari hili tu, akishakaa kwenye usukani, ndipo huniita Kidebe, jina langu la utotoni. Nilitaka gari lidumu.

Baba aliufunga mlango taratibu, akafuta alama za vidole vyake kwa mkono wa shati, kama mtu aliyegusa mali ya watu.

"Samahani, bwana," akaniambia. "Nimekosea gari. Langu lina mlango mbovu."

Nikamgeukia fundi. "Zile bawaba za zamani umezitupa wapi?"

Kabla hajajibu, nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye pipa la vyuma chakavu.